Bwana shamba naye ni mwalimu, tumtambue

Mwezi wa nane ukifika, viwanja vya Nane Nane hujaa watu. Nzuguni mjini Dodoma, John Mwakangale jijini Mbeya, Themi jijini Arusha, Nyakabindi mkoani Simiyu: kote huko familia huenda kuangalia mabanda, mbuzi wa maziwa, matrekta mapya na mahindi yaliyosimama kama askari kwenye gwaride. Mkulima bora huitwa jukwaani, hupewa cheti na zawadi, hupigiwa makofi. Ni jambo jema. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kuwa mkulima mwenye bidii anastahili kuwa wa kwanza kupata sehemu yake ya mavuno (2 Tim 2:6). Wahenga nao walisema, mcheza kwao hutunzwa.

Makofi yakiisha, mfuate mkulima huyo bora kivulini na umuulize swali moja tu: ni nani aliyekufundisha? Mara nyingi atakutajia mtu ambaye hakuitwa jukwaani. Atakutajia bwana shamba wa kata, au bibi shamba aliyekuwa akija na pikipiki yenye matope mpaka kwenye taa. Serikali humwita afisa ugani. Vijijini bado ni bwana shamba, hata kama hana shamba na wala hana ubwana wowote.

Huyu ndiye ninayetaka tumtafakari Dominika hii. Neno "kutambua" lina sura mbili. Sura ya kwanza ni kumjua mtu kuwa ndiye, kumtofautisha na asiye. Sura ya pili ni kumpa heshima yake. Huwezi kufanya la pili vizuri kama hujafanya la kwanza. Basi tujiulize: mwalimu wa kilimo aliye bora anatambulikaje? Na tukishamtambua, tumtendee nini?

Mungu anafundisha kulima

Wako waamini wanaodhani Mungu yuko kanisani na kilimo kiko wizarani. Nabii Isaya hakudhani hivyo. Katika sura ya 28, aya ya 23 hadi 29, anamchora mkulima anayejua kazi yake. Halimi tu siku zote bila kupanda. Akishasawazisha ardhi, anapanda bizari na jira, na ngano na shayiri anaziweka kila moja mahali pake. Wakati wa kupura, haponde bizari kwa gurudumu zito. Anaipiga kwa fimbo tu, maana kila zao lina namna yake. Kisha nabii anasema ujuzi huo wote mkulima ameupata kwa Mungu wake. Mungu ndiye aliyemfunza.

Yoshua bin Sira naye anatuonya tusichukie kazi ngumu wala kilimo, maana ni mpango wa Aliye Juu (YbS 7:15). Na Bwana wetu, alipotaka kutueleza Baba yake ni nani, alisema Baba ndiye mkulima (Yoh 15:1). Kama Baba ni mkulima, basi anayewafundisha watu kulima vizuri anashiriki kazi iliyo karibu sana na moyo wa Mungu.

Mama Kanisa analijua hilo. Tarehe 12 Machi 1622, Papa Gregori wa 15 aliwatangaza watakatifu watano kwa siku moja. Wanne walikuwa watu mashuhuri: Inyasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Wa tano alikuwa Isidori, kibarua wa shambani wa Madrid, mume wa mke mmoja, ambaye maisha yake yote alilima shamba la mtu mwingine. Waanzilishi wa mashirika wakasimama mstari mmoja na mtu wa jembe. Kanisa lilimtambua. Sikukuu yake ni tarehe 15 Mei.

Shule iliyokuja kwa magurudumu

Niruhusu, ndugu msomaji, nikupeleke mbali kidogo, kusini mwa Marekani, kwa sababu huko kuna mwalimu wa shamba ambaye historia yake inatusaidia kujibu swali letu.

Baada ya utumwa kufutwa, wakulima wengi Weusi wa Alabama hawakuwa na ardhi. Walilima pamba kwenye mashamba ya wengine. Mbegu walikopa, chakula walikopa, na wakati wa mavuno pamba ilikwenda kulipa deni. Deni likabaki, na mwaka ukaanza upya. Mkulima wetu anayeuza mazao yakiwa bado shambani anaielewa hadithi hii bila kufafanuliwa. Pamba nayo, ikipandwa mwaka baada ya mwaka mahali palepale, ilikuwa imeichosha ardhi.

Mwaka 1896 chuo cha Tuskegee, kilichoongozwa na Booker T. Washington, kilimpata mwalimu wa kilimo aitwaye George Washington Carver. Alizaliwa utumwani, akasoma kwa taabu mpaka akapata shahada ya uzamili katika jimbo la Iowa. Alikuwa mtu wa sala, na kwa miaka mingi aliwafundisha wanafunzi Biblia siku za Jumapili. Wengi wanamjua kwa sababu ya karanga, na wengine husema ndiye aliyegundua siagi ya karanga. Hilo si kweli. Kazi yake kubwa ilikuwa nyingine: aliwafundisha maskini kupanda kunde, karanga na viazi vitamu ili ardhi ipumzike na pamba, udongo urudishiwe nguvu, na watoto wapate kitu cha kula. Maarifa hayo aliyaandika katika vijitabu vyepesi ambavyo mkulima mwenye elimu ndogo angeweza kuvifuata.

Lakini kijitabu hakimsaidii asiyejua kusoma, na chuo hakimsaidii asiye na nauli. Ndipo Carver akachora gari la kukokotwa na wanyama, lililobeba jembe, mbegu na vifaa vya kuonyeshea kazi. Tajiri mmoja wa New York, Morris Jesup, alitoa fedha, na gari likaitwa kwa jina lake. Mwaka 1906 lilianza kuzunguka vijijini. Kama mkulima haji shuleni, shule iende kwa mkulima.

Sasa, gari haliendi lenyewe. Novemba 1906 alikabidhiwa kijana wa miaka 23, Thomas Monroe Campbell. Alikuwa mtoto wa familia maskini ya Georgia, aliyefika Tuskegee akiwa na elimu ndogo sana na kujisomesha huku akifanya kazi. Yeye ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kuajiriwa na serikali ya nchi yake kama afisa ugani. Carver anajulikana duniani kote. Campbell, aliyekuwa akipigwa vumbi barabarani, wanamjua wachache.

Angalia alivyofanya kazi. Shule hiyo ya kutembea haikupiga kambi kwa tajiri. Katika miaka iliyofuata, gari lilipogeuka kuwa la injini na kubeba pia muuguzi na mwalimu wa maarifa ya nyumbani, walichagua nyumba ya mkulima wa kawaida, wakawaita majirani, na wote wakafanya kazi pamoja. Walitengeneza ngazi iliyovunjika, wakapaka chokaa ukutani, wakachimba choo, wakajenga banda la kuku, wakaonyesha namna ya kulima na kupogoa. Jirani alirudi kwake akiwa ameshika nyundo kwa mkono wake mwenyewe, si akiwa amesikia hotuba.

Mwaka 1914 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuweka huduma za ugani nchi nzima. Campbell aliendelea kwa miongo mingi, akasimamia maofisa ugani Weusi katika majimbo kadhaa ya kusini, wakati ambapo maofisa hao walilipwa kidogo kuliko wenzao Weupe kwa kazi ileile. Mwaka 1936 aliandika kitabu kuhusu shule hiyo ya kutembea. Karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Pili alitumwa pamoja na wenzake wawili kuja Afrika Magharibi na Kongo ya Wabelgiji kuangalia elimu na kilimo vijijini, na ripoti yao ilichapishwa mwaka 1945. Mjukuu wa Afrika alirudi Afrika akiuliza wakulima wanaishije.

Karanga za Kongwa

Karanga zilezile zilizowasaidia maskini wa Alabama zilikuja kwetu kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1947, miaka minne baada ya kifo cha Carver, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Walianzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yaliletwa, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Mvua ya Ugogo huja ikipenda na huondoka ikipenda, na mwenyeji wa pale analijua hilo tangu utoto wake. Ndiyo maana alishika mtama, uwele na mifugo. Mradi ulifungwa mwaka 1951, baada ya kumeza pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36.

Tatizo halikuwa karanga. Karanga ni zao jema na Wagogo wanazilima mpaka leo. Tatizo lilikuwa mtaalamu aliyekuja na majibu kabla ya kuuliza maswali.

Miaka hiyohiyo, kwenye milima ya Uluguru, wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuhifadhi udongo si mbaya. Lakini wakulima walilalamika kuwa udongo wenye rutuba uko juu na ni mwembamba, na ukiuchimbua unaleta juu ule usiozaa. Hawakusikilizwa; asiyechimba aliadhibiwa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka na mpango ukaachwa. Unaweza kumlazimisha mtu kushika jembe. Kumlazimisha ajifunze ni jambo jingine.

Alama tatu za kumtambua

Kutoka Alabama, Kongwa na Uluguru tunaweza kuokota alama za kumtambua mwalimu bora wa kilimo.

Alama ya kwanza: anauliza kabla ya kufundisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu wa kweli anainama, anachukua udongo mkononi, anamuuliza mama mwenye shamba mvua ya mwaka jana ilikatika lini na panya waliingilia wapi. Mungu mwenyewe alipomtafuta Adamu bustanini alianza na swali. Bwana Yesu aliwauliza wale wawili wa njia ya Emau wanazungumza nini, ilhali alijua. Anayeuliza anamheshimu anayemuuliza.

Alama ya pili: anaonyesha kwa mikono yake. Katika Injili ya Luka sura ya 13 kuna mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda. Mwenye shamba amechoka, anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi. Lakini haombi ili aende kulala. Anaahidi kuchimba kuuzunguka na kutia samadi. Mimi humwona huyo kuwa bwana shamba bora wa Agano Jipya. Anao uvumilivu, na uvumilivu wake una jembe na samadi ndani yake. Wako wanaovumilia kwa maneno tu, na wako wanaovumilia huku mikono yao inanuka mbolea.

Alama ya tatu: akiondoka, kazi inabaki. Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, na Mungu ndiye aliyekuza (1 Kor 3:6). Mwalimu bora hawafanyi watu wamtegemee milele. Anawaachia ujuzi ambao hata uhamisho wake hauwezi kuubeba.

Katika parokia moja ya kijijini nilikohudumu, aliletwa bibi shamba mdogo wa umri, ametoka chuoni juzijuzi. Alikwenda kwa mzee mmoja aliyeheshimika katika jumuiya yake, mbishi wa kutosha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetuletea mbolea?"

"Sikuleta mbolea babu. Nimeleta kamba."

"Kamba ya nini? Ng'ombe wangu wote wamefungwa."

"Ya kupandia mahindi kwa mistari. Naomba kona moja tu ya shamba lako, hatua ishirini kwa ishirini. Kwingine kote panda ulivyozoea."

"Binti, mimi nimelima kabla baba yako hajazaliwa."

"Ndiyo maana nimeanza kwako, babu. Ukipanda wewe, wengine watakuja kuangalia."

Mzee alicheka, akampa kona. Walipima pamoja, sentimita 75 kutoka mstari hadi mstari, mafundo ya kamba yakionyesha pa kudondosha mbegu. Binti yule alirudi kupalilia na wao. Wakati wa mavuno ni mke wa mzee aliyetaka mahindi ya kona ile yapimwe peke yake, kwa debe lake, yasichanganywe. Sikuwapo walipopima, lakini kijiji kizima kilisikia. Msimu uliofuata, mzee alikuwa na kamba yake mwenyewe, na akawa anaiazimisha kwa masharti makali kuliko ya benki. Baada ya miaka mitatu bibi shamba alihamishwa. Kamba zilibaki, tena zimeongezeka.

Nikiulizwa afisa ugani bora anapimwa kwa nini, sitaanza na idadi ya semina wala picha za mikutano. Nitauliza kama kamba zimebaki.

Hapa pana uhai wa watu

Huenda msomaji wa mjini anaona haya ni mambo ya mistari na madebe. Hapana. Hapa pana uzima na kifo.

Mwaka 2016, watu walifariki dunia katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Haionekani kwa macho, na kuchemsha ugali au uji hakuiondoi. Ikiwa nyingi huua ini kwa muda mfupi. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini. Fikiria mama anayemkorogea mtoto uji wa mahindi na karanga kwa upendo wote, na ndani ya bakuli imo sumu asiyoijua.

Dawa yake kubwa ni maarifa. Vuna kwa wakati. Anika juu ya turubai au kichanja, usianike juu ya ardhi tupu. Chambua punje zilizovunjika na zenye ukungu. Usifunge gunia kabla nafaka haijakauka sawasawa. Hifadhi mahali pakavu, na ukiweza tumia mifuko isiyopitisha hewa. Mambo hayo yote mtu anaweza kuyafanya nyumbani kwake, lakini lazima awepo wa kumwambia, wa kumwonyesha, na wa kurudi mara ya pili kuona kama amefanya.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa viwavijeshi vamizi, walioripotiwa nchini mwaka 2017. Mkulima aliyefundishwa kukagua mahindi yake mapema asubuhi, akaponda mayai na viwavi wangali wadogo, aliokoa shamba. Aliyesubiri mpaka kiwavi akajificha ndani kabisa ya mche alimwaga dawa na fedha bure. Nabii Hosea alilia kuwa watu wanaangamia kwa kukosa maarifa (Hos 4:6). Alikuwa anasema juu ya kumjua Mungu. Lakini mwenye njaa na mwenye ini lililooza wanajua kuwa kuna maarifa mengine pia ambayo watu huangamia kwa kuyakosa.

Sisi tufanye nini?

Kumtambua mtu si kumsifia ovyo. Wako maofisa ugani ambao wakulima hawazijui sura zao. Wako wanaomtembelea mwenye shamba kubwa tu, kwa sababu kwake kuna soda. Wako wanaomuuzia mkulima mbegu walizotakiwa kumpa. Tukiwapigia makofi hao, tunawatukana walio waaminifu. Waaminifu nao wana shida zao: afisa mmoja vijiji vingi, pikipiki moja, na mafuta ambayo mara nyingine anayanunua kwa mshahara wake. Viongozi wanaosoma safu hii wajue kuwa pikipiki haiendi kwa sala. Kumtambua mtumishi kunaanza kwa kumpa nyenzo za kazi.

Na sisi waamini tunayo ya kufanya, hata bila bajeti ya halmashauri.

Kwanza, tumwombee. Katika sala za waamini huwa tunawaombea viongozi, wagonjwa, walimu na marehemu. Siku ya kubariki mbegu, na siku ya sikukuu ya mavuno, magunia yakiwa yamepangwa mbele ya altare, litajwe pia jina la kazi ya aliyetufundisha kuyajaza. Awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au nani. Mvua ya Mungu haiulizi dini (Mt 5:45).

Pili, tumfungulie mlango. Jumuiya Ndogo Ndogo inakutana kila wiki. Baada ya sala, mpeni bibi shamba nusu saa mwanzoni mwa msimu na nusu saa wakati wa kuvuna. Hatahitaji kutafuta watu, watu wameshakusanyika.

Tatu, tumpe ardhi ya kufundishia. Parokia nyingi zina ekari kadhaa ambazo mwaka mzima zinalisha mbuzi wa majirani. Sehemu yake iwe shamba darasa. Hatutakuwa tumeanza jambo geni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, kanisa na shamba vilianza pamoja. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walishika sala kwa mkono mmoja na kazi kwa mkono mwingine. Kahawa ya Kilimanjaro nayo ina historia inayopita katika misheni ya Kilema. Wazee wetu katika imani hawakuona aibu ya udongo kwenye kanzu.

Nne, tuchunge ndimi zetu nyumbani. Mtoto akisema anataka kusomea kilimo, wazazi wengine husikitika kama vile amefeli. Tunamtaka awe daktari. Lakini daktari anamtibu aliyekwisha kula sumukuvu. Bwana shamba alikuwa na nafasi ya kuizuia isiingie kwenye sufuria. Wote wawili tunawahitaji, na hakuna aliye mdogo.

Tano, tumfuate. Heshima kubwa kuliko zote ambayo mwanafunzi anaweza kumpa mwalimu ni kulifanyia kazi somo lake. Cheti kinaning'inia ukutani na kuliwa na mchwa. Mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai kwa sababu yeye alisema, hayo anayaona akipita barabarani, na moyo wake unapoa.

Kwenu ninyi mabwana shamba na mabibi shamba mnaosoma hapa, hasa mlio vijana na mliopangiwa mbali na nyumbani: Campbell alianza na gari la kukokotwa katika nchi ambayo wengi hawakutaka hata kumpa kiti. Wakulima aliowafundisha hawakuandikwa magazetini. Lakini waliondoka kwenye pamba ya deni wakaingia kwenye chakula chao wenyewe, nyumba moja baada ya nyingine. Mkiona mtini wa miaka mitatu hauna tunda, ombeni mwaka mmoja zaidi, kisha chukueni jembe.

Injili ya Yohane inasimulia kuwa asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena alimwona Bwana mfufuka na asimtambue. Alidhani ni mtunza bustani (Yoh 20:15). Wahubiri hupenda kusema alikosea. Mimi naona alikosea nusu tu, maana Baba ni mkulima, na Mwana anafanya kazi ya Baba yake bustanini tangu Edeni. Basi wiki hii, ukikutana na mtu kwenye njia ya shambani, viatu vimejaa udongo na kamba yenye mafundo imefungwa nyuma ya pikipiki, usimpite kama hujamwona. Simama, msalimie, muulize msimu unasemaje. Na akikujibu, msikilize.

Nawatakia Dominika njema na Nane Nane yenye baraka.